Mkanda wa Kaole: uchambuzi wa kisa cha kuskani negativu za infraredi nyumbani

Kisa kinachochambuliwa hapa kinahusu mkanda mmoja wa filamu ya nyeusi na nyeupe, wa milimita 35 na fremu 36, uliopigwa mwaka 1998 katika magofu ya Kaole, kilomita chache kusini mwa Bagamoyo, na kuskaniwa nyumbani kwangu Dar es Salaam mwaka jana kwa muda wa majuma matatu, ambayo mawili kati yake yalipotea bure. Mpiga picha ni mjomba wangu, aliyefanya kazi ya studio na chumba cha giza kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Filamu yenyewe ilikuwa Kodak High Speed Infrared, ile ambayo wapiga picha waliizoea kwa herufi zake tatu, HIE. Aliachiwa na mtafiti wa misitu aliyekuwa amemaliza kazi yake na hakuona sababu ya kurudi Ulaya na mkanda mmoja. Kodak iliacha kuitengeneza mwishoni mwa mwaka 2007, kwa hiyo picha hizo haziwezi kupigwa tena kwa filamu ileile, ingawa kuta za Kaole zipo na minazi ipo.

Alichotaka mjomba hakikuwa kikubwa: picha moja ya sentimita 30 kwa 45 ya kutundika sebuleni, na mafaili ya zile nyingine ili wajukuu wazione kwenye simu. Enlaja yake, mashine ya kukuzia picha kutoka negativu hadi karatasi, ilikwisha kufa taa, karatasi za kusafishia picha hazipatikani kirahisi, na mimi nilikuwa na skana ya mezani yenye taa kwenye kifuniko, ambayo ilikuwa imenihudumia vizuri kwa negativu za rangi za harusi na ubatizo wa familia. Nilimwahidi kazi ya siku mbili.

Kabla ya kueleza kilichoharibika ni lazima tabia ya filamu hii ieleweke, kwa sababu makosa yangu karibu yote yalitokana na kuichukulia kama filamu ya kawaida, na kosa kubwa kuliko yote lilitokana na kulichukulia jina lake kwa uzito lisiostahili. Jicho la binadamu huishia kuona kwenye mawimbi ya takriban nanomita 700, ilhali HIE iliendelea kuona hadi karibu na 900, ndani ya eneo la infraredi. Kwa kuwa iliona pia nuru ya buluu kama filamu nyingine, mpiga picha alilazimika kufunga filta nyekundu mbele ya lenzi, na mjomba alitumia ile ya namba 25, ili buluu izuiwe na infraredi itawale. Majani mabichi huirudisha miale hiyo kwa wingi, kwa sababu klorofili haiizuii na muundo wa ndani wa jani huitawanya kila upande. Wapiga picha huiita athari ya Wood, kwa jina la mwanafizikia wa Marekani Robert W. Wood, aliyechapisha picha za namna hii mwaka 1910. Ndiyo maana katika picha za Kaole minazi imetoka myeupe kama iliyomwagiwa unga, anga la saa sita mchana limekuwa karibu jeusi, na kuta za mawe ya matumbawe zimebaki katikati, kijivu chenye joto fulani ambalo sijui kulieleza vizuri zaidi.

Kuna mambo mengine mawili. Filamu nyingi zina tabaka linalomeza nuru iliyopenya hadi nyuma yake, lakini HIE haikuwa nalo, kwa hiyo nuru kali ilipenya, ikagonga bamba la nyuma la kamera, ikarudi na kujiandika tena pembezoni mwa kitu kilichong'aa. Ule mng'ao laini unaozunguka majani, ambao wengi hudhani ni lenzi chafu au filta maalumu, chanzo chake ni hicho, na huongezeka kadiri fremu inavyopewa nuru nyingi. Jambo la pili ni kwamba plastiki ya HIE ni poliesta, nyororo na yenye ukaidi wa chemchemi, na kipande kilichokaa kimejiviringisha kwa miaka ishirini na zaidi hakikubali kulala.

Sasa jaribio la kwanza. Programu ya skana yangu ina kisanduku cha kuondoa vumbi na mikwaruzo kwa kutumia infraredi, na kwa negativu za rangi nilikuwa nakiweka alama bila kufikiri. Safari hii nilifikiri, na ndipo nilipokosea zaidi: nilijiambia kwamba filamu ni ya infraredi na usafishaji ni wa infraredi, basi wamekutana ndugu wawili. Nilipanga vipande viwili, fremu kumi na mbili, nikaondoka kwenda kula.

Niliporudi nilikuta picha ambazo kwa mbali zilikuwa nzuri. Nilipozikuza hadi pikseli moja ya faili iwe pikseli moja ya kioo cha kompyuta, makuti ya mnazi wa kushoto yalikuwa yamegeuka kitu kama mshumaa ulioyeyuka na kuganda; kila ukingo wa jani ulikuwa umezungukwa na vijistari vyembamba kama njia za mchwa; na ukuta wa msikiti ulikuwa na mabaka laini kabisa yasiyo na punje hata moja ya filamu, yakipakana na mabaka mengine yenye punje nzito, kana kwamba mtu alipaka siagi kwa pupa na kuacha nusu ya mkate. Vumbi lenyewe, kwa kejeli, lilikuwa bado lipo angani.

Sababu yake ni rahisi ukishaielewa. Skana zenye kipengele hicho huisoma filamu mara ya ziada kwa taa ya infraredi. Filamu ya rangi, baada ya kusafishwa kwa dawa, haibaki na fedha. Madini ya fedha yote huondolewa na picha hubaki kama rangi tupu, na rangi hizo huipitisha infraredi karibu kama kioo. Unywele na chembe ya vumbi haviipitishi. Kwa hiyo kila kinachoonekana cheusi katika usomaji ule wa ziada ni uchafu, na programu huziba mahali hapo kwa kukopa kutoka kwa majirani. Negativu ya kawaida ya nyeusi na nyeupe ni kinyume chake: picha yenyewe imejengwa kwa chembe za fedha, na fedha huizuia infraredi sawasawa na inavyozuia nuru ya kawaida. Programu ikitazama hapo huona uchafu kila mahali, na mahali penye fedha nyingi zaidi huona uchafu mwingi zaidi. Katika mkanda wetu, kwa kuwa kwenye negativu kilicho cheupe hutoka cheusi, mahali hapo palikuwa kwenye minazi, yaani palepale ambapo filamu hii ilitengenezwa ili ipaone.

Sikuridhika na maelezo bila kuona kwa macho. Programu niliyokuwa natumia inaruhusu kuhifadhi usomaji wa infraredi kama faili la peke yake, nikafanya hivyo kwa fremu ya 17. Kama ingekuwa filamu ya rangi ningeona karatasi nyeupe yenye vidoa vichache. Niliona msikiti mzima, makaburi, mbuyu na kila kuti, wazi kiasi kwamba faili lile lenyewe lingeweza kugeuzwa kuwa picha. Zipo filamu chache za nyeusi na nyeupe ambazo kipengele hicho huzifaa, kama Ilford XP2 Super, kwa sababu husafishwa kwa dawa za filamu za rangi na picha yake hubaki kuwa rangi bila fedha. Lakini filamu ya infraredi siyo miongoni mwao. Uwezo wake wa kuona infraredi ulikuwa wa wakati ule tu wa kupiga picha. Baada ya kutoka kwenye dawa, haina tofauti na negativu nyingine yoyote ya fedha. Katika studio zetu neno kusafisha hubeba kazi mbili, ya kuitoa picha kwenye dawa na ya kuondoa uchafu, na mashine yangu ilikuwa imeifanya ya pili juu ya matokeo ya ile ya kwanza.

Nilikizima kisanduku na kuanza upya. Picha zilirudi kuwa picha, ila vichwa vya minazi vilikuwa vyeupe tupu, bapa, bila jani ndani yake. Nikampigia mjomba, ambaye nami huniita mjomba kama ilivyo desturi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Zimetoka?"

"Zimetoka, lakini nahisi minazi iliungua tangu siku ile."

Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama nimeiweka negativu juu ya gazeti. Sikuwa nimeiweka. Hicho ni kipimo cha zamani cha chumba cha giza: unailaza negativu juu ya karatasi ya gazeti karibu na dirisha, na kama herufi zinasomeka kwa taabu kupitia sehemu nyeusi kuliko zote, negativu hiyo inasafishika. Nilichukua gazeti la jana yake, ukurasa wa matangazo ya minada, nikalaza fremu ya 16, 17 na 18, ambazo ni mandhari moja iliyopigwa mara tatu kwa viwango tofauti vya nuru. Mjomba alifanya hivyo siku nzima, kwa sababu kipimanuru cha kamera hakiioni infraredi kama filamu inavyoiona, na Kodak haikuwahi kuipa HIE kiwango kimoja cha kutegemewa cha ISO, yaani cha wepesi wa filamu kushika nuru. Kupitia kilele cha mnazi katika fremu ya 16 nilisoma herufi bila shida. Katika ya 17 nilizisoma kwa kukaza macho. Katika ya 18 nilijua tu kwamba kuna herufi. Kwa hiyo ya 17 haikuungua hata kidogo, na lawama ilikuwa ya skana, au tuseme ya aliyeiamuru.

Hapa inafaa kuleta hesabu kidogo. Uzito wa negativu, yaani kiasi inavyozuia nuru, hupimwa kwa kipimo ambacho uzito wa 1.0 hupitisha sehemu moja ya kumi ya nuru, 2.0 sehemu moja ya mia, na 3.0 sehemu moja ya elfu. Faili la biti 8 lina ngazi 256 kutoka giza hadi weupe. Kama ngazi hizo zinafuata kiasi cha nuru moja kwa moja, kila kitu kizito kuliko 2.0 kinagawana ngazi mbili au tatu tu, na hakuna mnazi unaoweza kuchorwa kwa ngazi tatu. Faili la biti 16 lina ngazi 65,536, na eneo hilohilo hupata takriban 655. Programu za skana hupindisha mgawanyo huo kwa namna zao, lakini mwelekeo haubadiliki: sehemu nzito za negativu ndizo maskini wa ngazi, na katika infraredi sehemu hizo ndizo shabaha ya picha.

Kosa la pili lilikuwa kuiachia programu ichague mwangaza yenyewe. Ilitazama fremu nzima, ikaona anga kubwa lililo jepesi kwenye negativu na minazi michache mizito, ikaamua kwamba anga ndilo la muhimu na kuibana minazi mwishoni mwa kipimo. Dawa niliyoipata, na ambayo sasa naitumia kwa negativu zote za fedha, ni kuipuuza picha na kupima mwangaza kwa nafasi tupu iliyo kati ya fremu mbili. Nafasi hiyo haina picha, kwa hiyo hakuna kitu chepesi kuliko yenyewe kwenye mkanda mzima. Ukiongeza mwangaza wa skana hadi nafasi hiyo ikaribie weupe kamili bila kuugusa, kila kingine kimepata nuru nyingi iwezekanavyo bila kupotea. Nilifunga kipimo hicho kwa kipande kizima, nikahifadhi katika kijivu cha biti 16, nikaiacha faili iwe negativu vilevile bila kugeuzwa, na kazi ya kugeuza na kupinda toni nikaifanya baadaye kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha. Nilizima pia unoaji, yaani kuongeza ukali wa kingo, kwa sababu punje za HIE ni kubwa na mashine ikizinoa hugeuza anga kuwa mchanga. Aidha nilimwagiza skana asome kila mstari mara nne na kutoa wastani, jambo ambalo hupunguza chakarachakara za kielektroniki katika sehemu nzito hadi nusu, ingawa muda nao huongezeka mara nne na umeme ukikatika katikati unaanza upya. Ulikatika mara mbili.

Fremu ya 17 ikatoka vizuri, makuti yakahesabika. Nilimpelekea mjomba kwa simu nikitarajia sifa.

"Nzuri," alisema, "lakini siyo hii. Nataka ya kumi na nane."

Nilidhani ni ukaidi wa uzee, hadi aliponionyesha picha ndogo aliyoisafisha mwenyewe mwaka uleule wa 1998. Katika fremu ya 18 minazi haikuwa tu myeupe. Ilikuwa imezungukwa na ukungu wa nuru uliomwagikia juu ya ukuta wa msikiti na kulilainisha jiwe, ukungu ambao katika ya 17 ni ukingo mwembamba na katika ya 16 haupo kabisa. Nimekwisha sema kwamba mng'ao huongezeka pamoja na nuru. Maana yake kwa mwenye skana ni kwamba negativu iliyo rahisi kusomwa ndiyo iliyopungukiwa na sifa ya filamu hii, na ile yenye sifa hiyo kwa ukamilifu ndiyo mashine inayoishindwa. Ushauri unaotolewa mara nyingi, wa kuchagua negativu nyembamba kwa ajili ya skana, ni sahihi kwa filamu nyingine. Kwa HIE nauona kuwa ni ushauri wa kumridhisha mwenye mashine.

Mjomba katika chumba cha giza alikuwa ameipa karatasi nuru ya kawaida, kisha akaziba kila kitu kwa viganja na kuviachia vichwa vya minazi peke yake muda wa ziada. Nilifanya kitu kilekile kwa njia nyingine: usomaji wa kwanza kwa kipimo cha nafasi tupu, kisha usomaji wa pili kwa mwangaza mrefu mno, uliofuta anga na ukuta kabisa lakini ukapenya ndani ya minazi. Skana ya mezani hairudi mahali palepale kwa uhakika, hivyo picha mbili zilipishana kwa pikseli mbili tatu na nikalazimika kuzilinganisha kwa mkono, nikitumia mkwaruzo mmoja mrefu kama alama. Kisha nikachora barakoa juu ya minazi ili usomaji wa pili uonekane hapo tu. Nilihofu mshono. Haukuonekana, kwa sababu ulipita ndani ya mng'ao wenyewe, mahali ambapo hakuna ukingo wa kusalitiwa.

Tatizo la pete za Newton nitalieleza kwa kifupi kwa kuwa lina dawa. Poliesta ikijikunja na kugusa kioo, nuru inayopigwa kati ya nyuso mbili nyororo hutengeneza mawimbi ya duara, na kwenye anga jepesi la infraredi yanaonekana kama mafuta ya taa juu ya maji. Vitabu vizito kwa juma zima havikusaidia. Kilichosaidia ni kujua kwamba pete hutokea upande unaong'aa tu, kwa sababu upande wa dawa, ule uliobeba picha, una ukwaru wake. Katika enlaja ya mjomba mlikuwa na kioo kilichokwaruzwa kiwandani kwa makusudi, cha kukandamizia negativu. Nililaza kipande upande wa dawa ukitazama chini, pasipo kioo chochote kati yake na lenzi isipokuwa kile cha skana kilicho mbali kidogo, nikakiweka kioo cha enlaja juu ya upande unaong'aa. Picha hutoka imegeuka kushoto kulia na hurekebishwa kwa kubofya mara moja. Mjomba alishauri tungekata fremu moja moja na kuzitia kwenye fremu za slaidi, kisha akajikatalia mwenyewe kabla sijajibu.

Vumbi nalo halina ujanja mkubwa. Nilizima pangaboi, nikafunga madirisha, nikafanya kazi usiku wa manane nikiwa nimevua shati, nikipuliza kila kipande kwa mpira wa kupulizia na kukishika kwa ncha. Kilichobaki nilikiziba kwa mkono kwenye kompyuta, kidoa kwa kidoa, zaidi ya saa tatu kwa fremu moja. Katika hatua hiyo utajifunza kutofautisha: chembe ya vumbi hutoka nyeupe kwenye picha kwa sababu huzuia nuru, mkwaruzo wa upande wa plastiki nao hutoka mweupe kwa kuitawanya, lakini mkwaruzo uliokwangua dawa hutoka mweusi, na huo ni wa kudumu.

Lililonipotezea muda mwingi zaidi lilikuwa fokasi. Skana za mezani za aina yangu hazina fokasi ya kurekebisha. Kishikizio huiinua filamu kwa kimo kilichopangwa kiwandani, na kimo hicho mara nyingi siyo sahihi kabisa. Njia ya kawaida ni kukiinua kidogo kidogo na kulinganisha. Nilitumia vocha za simu zilizokwisha kukwanguliwa, moja kila pembe, kisha mbili, kisha tatu, nikaskani fremu ya 4 kila mara. Kwa usiku mbili mfululizo ukuta wa msikiti ulibaki mlaini kwa vocha sifuri, kwa vocha mbili na kwa vocha tano. Nilianza kuamini kwamba lenzi ya skana imelegea.

Usiku wa pili, karibu na saa nane, niliacha kuutazama ukuta na kuzitazama punje za filamu juu ya anga. Kwa vocha sifuri zilikuwa uji. Kwa vocha mbili zilikuwa kali, moja moja, kama chumvi ya mawe juu ya meza. Skana ilikuwa imeisoma negativu kwa ukamilifu. Kilichokuwa kilaini ni kilichoandikwa ndani yake. Miale ya infraredi haikutani mahali pamoja na nuru ya kawaida ndani ya lenzi, bali nyuma kidogo, na ndiyo maana lenzi nyingi za zamani zina nukta au mstari mwekundu pembeni mwa alama ya fokasi: unafokasi kwa jicho, kisha unasogeza umbali uliousoma hadi kwenye nukta hiyo. Nilipomuuliza mjomba asubuhi alicheka kwa muda mrefu. Fremu tano za kwanza, alisema, alikuwa amesahau nukta, akaikumbuka alipofika kwenye mbuyu. Tangu hapo fokasi ya skana naipima kwa punje tu, kwa kuwa punje hazikupitia lenzi ya kamera na hazina kosa la mpiga picha ndani yake.

Ukubwa wa faili haukunisumbua. Skana inajitangaza kwa nukta 6,400 kwa inchi, lakini nilipolinganisha punje zilezile sikuona lolote jipya baada ya 3,200. Kwa kipimo hicho fremu ya milimita 24 kwa 36 hutoa takriban pikseli 4,535 kwa 3,024, kama megabaiti 27 katika kijivu cha biti 16, na kwa picha ya sentimita 45 hiyo ni zaidi ya pikseli 250 kwa kila inchi.

Nilipeleka faili la fremu ya 18 kwenye studio moja ya mjini. Picha ya kwanza ilirudi na anga la kijivu na minazi iliyofifia, kwa sababu mashine yao nayo ilikuwa na marekebisho ya kujiendesha yaliyoona anga jeusi mchana na kuamua kulitibu. Kijana aliyekuwa zamu alishangaa nilipomwomba ayazime, akaniuliza kama nina hakika kwamba picha haina kasoro, kisha akayazima. Ya pili ilitoka sawa na iliyokuwa kwenye kompyuta, na nikaipeleka kwa mjomba ikiwa bado imeviringwa.

Aliifungua mezani, akaishikilia kwa viganja pande mbili, akaitazama minazi kwanza, halafu ukuta, halafu akashusha miwani na kuweka kidole angani, kwenye mstari mweusi mwembamba unaopita juu ya mnara wa kaburi, ule mkwaruzo nilioutumia kulinganisha pikseli. Ningeweza kuuziba kwa dakika kumi.

"Huu ni wangu," alisema. "Sponji ilikuwa na mchanga siku ile. Umefanya vizuri kuuacha."

Sikumwambia kwamba nilikuwa nimeusahau.